Jasho la Mtungi

Kompresa ile niliinunua Dumila, Julai 2019, mahindi yakiwa yameshauzwa na mfukoni mna kitu. Niliikuta mbele ya banda la chuma chakavu, imepakwa rangi nyekundu ambayo bado ilikuwa inanata kidoleni. Mtungi wa lita 50, pampu ya pistoni moja, mota ya nguvu za farasi wawili, mkanda uliochakaa, na magurudumu mawili ambayo mpira wake ulishapasuka kwa jua. Muuzaji hakuficha kwamba ilikuwa imelala muda mrefu. Ilizama, alisema, kwenye mafuriko ya Januari 2014, yale yaliyovamia Magole na Dumila na kukata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na tangu siku hiyo haikuwahi kuunguruma tena. "Mzee wangu, hiki ni chuma cha zamani," akaniambia huku akiupiga mtungi kofi. "Hakifi hiki." Nikahesabu shilingi laki moja na elfu thelathini, guta likaipeleka stendi, na kabla ya magharibi ilikuwa imeshushwa Msowero, kwenye banda langu nyuma ya nyumba, chini ya mwembe.

Msowero iko kwenye barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa. Zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami ilipoteremka kutoka Dumila kuja Rudewa, bodaboda zikajaa kila kona, na magunia ya mahindi na mpunga yaliyokuwa yakitoka shambani kwa baiskeli yakaanza kutoka kwa guta na pikipiki. Msimu wa kulima ukifika, trekta zinashuka kwenye tambarare za kuelekea Mkata. Vyote hivyo vinakula upepo. Kwenye Kiswahili cha gereji hatusemi hewa: tairi linajazwa upepo, limepungukiwa upepo, breki za lori ni za upepo. Nalipenda neno hilo. Hewa ipo tu, haimsumbui mtu. Upepo unajulikana kwamba unaweza kuezua nyumba.

Nilikuwa nimeishika kazi ya ualimu wa sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi, na ufundi niliufanya jioni na siku za mapumziko, kwa kuupenda tu. Lakini kompresa hii haikuwa ya kujifurahisha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa amemaliza kidato cha nne na amekuja kukaa kwangu. Kwetu Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno lake, na wajibu wake, juu ya watoto wa dada. Dada alinipigia simu akasema maneno machache: "Kaka, huyu sasa yuko mikononi mwako." Nikawaza: barabara ipo mbele ya nyumba, mwembe una kivuli, umeme umeshafika. Nikimpatia kompresa na vifaa vya kuziba pancha, atakuwa na pa kuanzia.

Tukaanza kazi Jumamosi iliyofuata, mimi na yeye. Bolti nne za hedi zilikuwa zimeshikana kwa kutu, tukazimwagia dizeli na kuziacha zilale. Kesho yake zilikubali, moja baada ya nyingine, kwa kuzungusha robo mbele na robo nyuma. Ukilazimisha bolti iliyolala, inakatikia ndani na shughuli inakuwa nyingine. Hedi ilipoinuka nikaona mafuriko yenyewe. Juu ya pistoni palikuwa na tope la kahawia lililokauka likapasukapasuka kama jaruba la mpunga baada ya mavuno. Oili iliyobaki chini ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yalishaingia yakachanganyika nayo.

Moyo wa pampu ya namna hii ni majani mawili ya chuma, membamba kama wembe. Moja hufunguka pistoni ikishuka, upepo unaingia. Jingine hufunguka pistoni ikipanda, upepo unatoka kwenda mtungini. Hakuna springi wala kamba inayoyavuta. Yanapepea kwa tofauti ya presha tu, mara elfu moja hivi kwa dakika. Jani likipinda kidogo, au punje ya masizi ikikaa chini yake, pampu inaunguruma siku nzima na geji haipandi. Langu moja lilikuwa limepinda. Nikalifuata la kulingana nalo mjini Morogoro, na niliporudi tukalaza kioo cha dirisha mezani, tukabandika msasa juu yake, tukadondosha oili, tukaanza kusugua bamba ambalo majani hayo hukalia. Unasugua kwa mwendo wa namba nane, bila kukandamiza, kisha unageuza bamba robo na kuendelea. Kijana alisugua mpaka kivuli cha kutu kikaisha na bamba likawa na rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Alinyanyua macho akaniuliza, "Mjomba, hapa imetosha?" Nikaliweka bamba juu ya kioo kisafi, nikalibonyeza pembeni. Halikuyumba. Ilitosha.

Gasketi tuliikata wenyewe. Unaweka karatasi ya gasketi juu ya hedi, unagonga taratibu kwenye kingo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo ndogo, na chuma chenyewe kinakata karatasi kufuata umbo lake, matundu ya bolti na yote. Ni kazi niliyomwona baba akiifanya nikiwa mtoto, na kumwona mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, akiifanya kwa mkono uleule wa polepole, kulinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Mota ilitupa tabu zake. Tuliifungua, tukaisafisha tope, tukaianika juani siku nyingi, na fundi umeme akaipima kabla hatujathubutu kuiwasha. Beringi mpya mbili, kapasita mpya. Hata hapo nilikosea: niliunganisha waya ikazunguka kinyume. Pampu ya namna hii haijali, itajaza upepo ikizunguka upande wowote. Lakini mapanga yaliyo kwenye gurudumu lake kubwa yametengenezwa kupuliza upepo juu ya silinda ili isichemke, na ukizungusha kinyume unavuta badala ya kupuliza. Kijana ndiye aliyegundua, kwa kuweka kiganja chake mbele ya gurudumu na kuuliza kwa nini hasikii baridi. Mwanafunzi wa namna hiyo humpati kila mwaka.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndivyo tulivyoishi nayo: wiki tatu za jioni na Jumamosi, akili yote iko kwenye kitu kinachozunguka. Mtungi ulikuwa chini yetu muda wote huo, mwekundu, unang'aa, umebeba kila kitu mgongoni, na hatukuuuliza swali. Nilipoona mahali pa valvu ya usalama pamezibwa kwa bolti, nilikasirika, nikanunua valvu mpya, nikaifunga kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, na nikajiona nimemaliza habari ya usalama.

Siku ya kuiwasha, Jumapili mchana, tuliweka oili mpya tukabonyeza swichi. Iliunguruma vizuri. Sindano ya geji ikaanza kupanda: bar 1, 2, 3. Kijana alikuwa amechuchumaa hatua mbili tu kutoka mtungini, ametega sikio kwenye maungio akitafuta panapovuja, sabuni ya povu mkononi. Kwenye bar 4 nikazima. Nikasubiri, nikawasha tena. Mota ikatoa mlio wa kukoroma tu, mkanda haukusogea, nikazima haraka.

Wanaozijua kompresa wanajua kilichokosekana. Kompresa nzima ikizimika hutoa pumzi fupi, *psss*, mara moja. Ni upepo uliobaki kati ya pampu na mtungi unaoachiwa utoke ili mota itakapoamka isikute mzigo kifuani. Yetu haikupumua. Kijitundu cha kutolea pumzi hiyo, pale kwenye swichi ya presha, kilikuwa kimejaa tope la 2014. Nikaachia upepo wote wa mtungini kupitia valvu ya usalama, nikasafisha kijitundu kwa waya mwembamba. Na kwa kuwa tulishasimamisha kazi, nikasema tufungue na koki ya chini, ya kumwagia maji, tuone.

Koki ikafunguka. Hakikutoka kitu. Wala tone, wala pumzi. Nikaitoa yote, nikachokonoa tundu kwa waya. Kwanza ikaanguka tope kavu, halafu ikamiminika mchanganyiko wa unga wa kahawia na maganda. Nasema maganda kwa makusudi, kwa maana yalikuwa bapa, mapana kama kucha ya kidole gumba, mengine makubwa zaidi. Niliyakusanya kwenye kiganja. Chuma kilichokuwa ukuta wa mtungi kilikuwa mkononi mwangu, na dakika kumi zilizopita nilikuwa nimeujaza mtungi huo upepo, mtoto wa dada yangu akiwa ameuinamia.

Sikusema kitu. Nilimwambia tufunge kazi, tukale.

Usiku ule nilimkumbuka baba. Alikuwa mpakaji grisi wa korona kwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba. Korona ndilo jina tuliloita kiwanda cha kuchambua mkonge, jina lililotoka kwenye mashine za Kijerumani zilizofungwa humo. Siku za mishahara alikuwa akinichukua hadi stesheni ya Kilosa, pale reli ya kati inapoachana na tawi la kwenda Mikumi na Kidatu. Treni ikisimama, alishuka mtu mwenye nyundo ya mpini mrefu, akatembea kandokando ya behewa akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Abiria walidhani anapita tu. Baba akaniambia: "Sikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linakohoa." Nilikuwa na miaka saba au nane. Nilisimama pale nikisikiliza treni nzima.

Asubuhi kabla ya kwenda shuleni nikachukua nyundo ndogo, nikaugonga mtungi kuanzia juu. Juu ulilia, sauti nyembamba inayobaki hewani kidogo. Ubavuni ukalia. Nilipofika tumboni, kwenye sehemu inayolala chini, sauti ikafa. *Du*. Nikasogea sentimita chache, *du*. Upana wa kama kiganja, kutoka mguu wa mbele hadi karibu na wa nyuma, mtungi ulikuwa unakohoa.

Mwalimu wa sayansi hawezi kuhukumu kwa sikio peke yake. Tukaupima kwa maji. Kipimo hiki hakihitaji maabara, na natamani kila fundi anayekarabati kompresa akifanye kabla ya kitu kingine chochote. Unaondoa pampu na mota, unaujaza mtungi maji kupitia tundu la juu mpaka yanafurika na hakuna povu hata moja la hewa lililobaki ndani. Unaziba matundu yote kwa plagi za chuma. Kwenye tundu moja unafunga geji, kwenye jingine kichuchu cha grisi, kile kinachopokea pampu ya grisi ya mkono. Kila ukiminya, grisi kidogo inasukumwa ndani, na kwa kuwa maji hayabanwi, presha inapanda haraka. Mtungi wetu uliandikwa bar 8. Tulikusudia kufika 12, mara moja na nusu ya mzigo wake.

Kwa nini maji na si upepo? Hili nimelieleza darasani mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipolielewa kwa mwili. Maji ukiyabana hayaweki nguvu. Ukuta ukiachia, presha inaanguka papo hapo, unaona tone, na kazi imekwisha. Upepo unaweka. Lita 50 za upepo wa bar 8 ni lita 450 zilizoshindiliwa pale, zikisubiri nafasi ya kurudi ukubwa wake. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la maandalio: nguvu iliyomo haipungui ile ya gunia la mahindi la kilo 100 likidondoka kutoka juu ya mnazi mrefu. Na hiyo nguvu haianguki chini tu. Inaruka upande wowote ukuta utakapochanika.

Kijana aliminya pampu ya grisi. Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, tochi mkononi, naangalia tumbo la mtungi. Bar 2. Bar 4. Kwenye bar 5 niliona rangi nyekundu ikituna mahali pamoja, lengelenge dogo kama la mtu aliyeungua na chai. Nikamwambia, "Minya moja." Lengelenge likakua. "Moja tena." Likapasuka, na tone la maji likatokeza, likaning'inia, likadondoka kwenye shavu langu. Kisha pembeni yake jingine, na jingine, kama jasho linavyotoka kwenye paji la uso la mtu anayelima. Sindano ya geji ikashuka hadi sifuri, kimya kabisa.

Rangi ile ndiyo iliyokuwa ukuta. Siwezi kusema muuzaji alijua. Huenda alipaka ili kuficha kutu ya nje tu, kama wengi wafanyavyo. Lakini tangu siku ile kifaa cha presha kilichopakwa rangi mpya nakinunua kwa wasiwasi zaidi kuliko kilichojaa kutu, maana kutu ya nje inakuambia ukweli.

Jirani yetu fundi wa kuchomelea alikuja jioni. Ni mtu mwema na mkono wake ni mzuri. Milango na madirisha mengi ya hapa kijijini ni kazi yake. Akainama, akatazama, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Hapa pa kawaida tu. Nipe saa moja, napiga kiraka, kesho unapiga kazi."

Nilimshukuru, nikakataa. Alishangaa, na nadhani aliumia kidogo, akidhani naudharau ufundi wake. Nikamketisha nikamweleza. Kiraka kinahitaji kushika kwenye chuma kizima, na pale chuma kizima hakipo. Moto utakula kilichobaki, na pembeni ya kiraka pataachwa pembamba zaidi ya mwanzo. Na kutu iko ndani, mahali ambapo brashi yake na macho yangu havifiki. Akauliza, "Sasa si umeweka valvu ya usalama?" Ndilo swali nililokuwa nimejiuliza mwenyewe. Valvu ya usalama inalinda mtungi mzima usipewe zaidi ya uwezo wake. Haijui kwamba uwezo umepungua. Mtungi unaovuja jasho kwenye bar 5 utapasuka valvu ya bar 8 ikiwa bado imelala.

Halafu nikamweleza jambo ambalo si kawaida yangu kulizungumza. Nikiwa chuo cha ualimu nilikwenda gereji moja mjini kujaza upepo baiskeli ya rafiki yangu. Nilikuwa nimeshalipa, nimegeuka, nimepiga hatua labda ishirini. Sikusikia mlipuko, nilisikia ukimya baada yake. Niligeuka nikaona bati la paa limeinuka limekunjwa kama karatasi, na kompresa haipo mahali pake. Mtungi ulikuwa umefunguka chini, kwenye tumbo, ukaruka juu. Kijana aliyekuwa anafanya kazi pale, tuliyelingana umri, alikuwa ameketi ukutani akiutazama mguu wake. Aliishi, lakini mguu ule hakurudi nao. Ilikuwa kompresa ya kila siku, inayojaza kila siku, na asubuhi hiyo geji yake ilikuwa inasoma kama kawaida.

Fundi akanyamaza muda. Akasema, "Basi Mwalimu, tutafute mwingine." Na ni yeye aliyeupata.

Viwandani mitungi ya presha ina wenyewe wa kuikagua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka hilo, na wakaguzi wa OSHA hufanya kazi hiyo. Chini ya mwembe mkaguzi ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo mtungi aliouleta fundi, wa lori lililochakaa, tuliupokea kama mgeni asiyejulikana. Ulikuwa mtungi wa breki za upepo, mfupi na mnene kuliko ule wa kwanza, na bamba lake la maandishi lilikuwa bado linasomeka. Breki za namna hiyo zina historia ndefu. Mzizi wake ni breki ya treni aliyoisajili George Westinghouse huko Marekani mwaka 1869, na mpaka leo lori linalopanda na kushuka barabara ya Morogoro kwenda Dodoma linasimama kwa upepo uliotunzwa kwenye mitungi ya aina hii. Tukaugonga: ulilia sauti moja kutoka juu hadi tumboni. Tukaujaza maji, tukaminya hadi bar 12, tukaenda kunywa chai, tukarudi. Sindano ilikuwa pale pale, na tumbo kavu.

Mtungi huo ulikuja na kitu kilichonifundisha kuliko vyote. Chini yake kuna valvu yenye pete ndogo ya chuma; ukiivuta pembeni kidogo, maji yaliyotulia ndani yanapigwa nje na upepo. Madereva wa malori wa zamani hufanya hivyo kila asubuhi. Hakuna cha kufungua kwa spana, hakuna cha kuahirisha.

Maji hayo yanatoka kwenye hewa yenyewe. Kila ukijaza mtungi wa lita 50 kutoka sifuri hadi bar 8, umevuta ndani lita 400 za hewa ya nje, na hewa ya Kilosa wakati wa masika ni nzito kwa mvuke. Ikibanwa haiwezi tena kuubeba. Ukipoa, unageuka maji na kukaa tumboni. Kwa hesabu yangu ni kama vijiko viwili vya chai kwa kujaza mara moja. Si kitu. Lakini jaza mara sitini bila kumwaga, na una karibu nusu lita ya maji inakula chuma usiku kucha. Mtungi wa Dumila ulianzwa na maji ya mafuriko, lakini ungeweza kufika pale pale bila mafuriko yoyote, kwa vijiko viwili viwili.

Kijana alifungua kazi mwezi wa tisa. Pancha za bodaboda, upepo wa baiskeli, na msimu wa kulima ulipofika, kusafisha filta za hewa za trekta, ambazo hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, usije ukasukuma vumbi ndani zaidi au ukaichana karatasi. Wateja walimzoea. Kila jioni nilipotoka shuleni niliangalia ardhi chini ya mtungi kabla sijamwangalia yeye. Palipokuwa na doa la unyevu nilijua pete imevutwa. Mara mbili au tatu za mwanzo palikuwa pakavu, na nilimwita nikavuta mbele yake bila kusema neno.

Mtungi mwekundu sikuuza. Mnunuzi wa chuma chakavu alipita akataka kuupima kwa kilo, nikamwambia subiri. Nilitoboa matundu mawili makubwa ubavuni ili asije mtu akauokota, akaupaka rangi, akautia upepo. Ukakaa nyuma ya banda hadi masika ya 2020, mke wangu alipotaka hori la kunyweshea mbuzi. Jirani fundi akaja na grainda yake, akaupasua kwa urefu.

Tukatazama ndani, sote watatu. Nusu ya juu chuma chake kilikuwa bado cha kijivu, kinene, unene wa milimita tatu hivi. Chini palikuwa na mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, mahali tope la mafuriko lilipotulia, na chini ya mstari huo hapakuwa na chuma cha kusema. Palikuwa na kahawia iliyotafunwa, yenye mashimo. Kijana akachukua msumari akauweka kwenye shimo moja akausukuma kwa kidole gumba tu. Ukapita.

Alikaa kimya, msumari mkononi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Mjomba, siku ile tulipowasha mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimekaa upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ni upande ule ambao msumari ulikuwa umetokea.